Rafiki mwenye sonona hatakupigia simu, nenda wewe

"Ukihitaji chochote, niambie." Sote tumewahi kuyasema maneno haya, tukarudi nyumbani tumeridhika. Kwa mtu mwenye sonona, ugonjwa wa akili ambao kwa Kiingereza huitwa depression, hayana kazi. Ugonjwa huu humnyang'anya mtu uwezo wa kuanza jambo lolote: kuoga, kupika, hata kushika simu. Sasa wewe umemwachia kazi ya kufikiria anachohitaji, atafute maneno, ameze aibu, kisha akuombe. Hataomba.

Nimekuwa karibu na rafiki aliyepitia haya hapa Nairobi, fundi wa nguo anayeishi Umoja, ambaye mtaa mzima humwita Fundi tu. Ameniruhusu niandike mradi jina lake nisilitaje. Hakuwa mtu wa kulia. Ukimuuliza hali, anajibu, "Niko poa, ndugu yangu," na tabasamu juu. Shida ilionekana kwenye kazi. Ilikuwa Januari, msimu wa sare za shule, na mafundi wengi hutegemea mwezi huo kulipa madeni ya Krismasi. Vitambaa vilikuwa vimekunjwa mezani, kila kimoja na kikaratasi chake cha vipimo kilichobanwa kwa pini, na mkasi haujavigusa. Akaanza kuwarudishia kina mama pesa walizotanguliza. Mwili nao ulimuuma, mara kichwa, mara mgongo, mara tumbo. Kwenye duka la dawa alipewa dawa za malaria, baadaye za vidonda vya tumbo. Wanaume wengi ndivyo wanavyougua sonona: watalalamika uchovu na maumivu, au watakuwa wepesi wa hasira, lakini neno huzuni hutalisikia.

Siku mbaya kila mtu anazo. La kuangalia ni hali inayodumu wiki 2 au zaidi, karibu kila siku: usingizi umeharibika, chakula hakimpiti au anakula kupita kiasi, mambo aliyoyapenda hayamvutii tena, anajilaumu kwa kila kitu. Wewe si daktari, na huhitaji kuujua ugonjwa kwa jina ndipo uende kumwona.

Ukienda, nenda na jambo ulilokwisha kuliamua. "Kesho saa nne nakuja na mayai na sukuma, tutapika kwako." Usimuulize angependa mfanye nini, maana hilo nalo ni mzigo. Ukimwandikia ujumbe, malizia na "si lazima ujibu", kisha umaanishe hivyo. Siku nyingi Fundi alikaa kitandani, mimi nakata sukuma, redio inaongea, basi. Niseme wazi kwamba siwapendi wale wanaofika na mahubiri ya "jikaze, kuna wenye shida kuliko zako". Mgonjwa anajua wapo. Huyo tayari anajiona mzembe, na sasa umempa ushahidi.

Kuhusu pesa, kama ana deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, chochote utakachomtumia kwa M-Pesa kitakatwa kulipa deni hilo kwanza. Kama lengo ni kodi, mlipe mwenye nyumba moja kwa moja. Kama ni chakula, peleka unga.

Hospitalini ndiko rafiki anakohitajika zaidi. Watu wa Nairobi wanaogopa jina la Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili. Hospitali hiyo iko hapo Thika Road tangu 1910, na tangu tukiwa shule ya msingi jina lake limekuwa tusi. Ukweli ni kwamba wengi huenda kliniki yake asubuhi na kurudi makwao siku hiyo hiyo. Tena si lazima uanzie huko. Hospitali za kaunti zinaweza kumpokea mgonjwa wa sonona, na Hospitali ya Kenyatta ina idara ya afya ya akili. Uliza kwanza kliniki hiyo hufunguliwa siku zipi, usije ukamtoa mtu kitandani kwa shida halafu mkute mlango umefungwa.

Sisi tulikwenda hospitali moja ya kaunti. Nilibeba kitambulisho chake, maji na chaja ya simu, na nilihakikisha usajili wake wa SHA, bima ya afya ya serikali, uko sawa usiku uliotangulia. Foleni ilikuwa ndefu, na kabla hajaitwa akasimama akasema anaenda zake, hana ugonjwa wowote, anawapotezea wengine muda. Sikubishana. Nilimwomba mama aliyekuwa nyuma yetu atushikie nafasi, tukatoka nje ya geti kunywa chai na mandazi, tukarudi. Ndani aliulizwa maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, usingizi, nguvu, hamu ya kula, mawazo ya kufa. Alipimwa damu pia, kwa sababu upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingoni huleta uchovu unaofanana na huu.

Akapewa dawa na tarehe za kuonana na mshauri nasaha. Hapa ndipo wengi huacha. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, lakini kichefuchefu, kinywa kukauka au usingizi huweza kuja siku za mwanzo kabisa. Kwa hiyo mgonjwa anaona ameongezewa ugonjwa. Mkumbushe, mpigie daktari pamoja naye kama madhara yamezidi, na asiache ghafla hata akijisikia mzima, maana matibabu huendelea kwa miezi baada ya nafuu. Pombe nayo ikae mbali. Hili lilitugharimu marafiki wa baa, na mimi sijawakosa.

Mama yake huko kijijini alitaka maombi. Tukamwambia aombe, mwanawe ataendelea kumeza dawa. Hakukuwa na haja ya vita.

Swali ambalo watu hulikwepa ni la kujiua. Uliza waziwazi: "Umekuwa ukifikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Usiulize kwa namna ya kumlazimisha akatae, kama "hufikirii upuuzi, sivyo?" Akikubali, muulize kama amepanga namna, usimwache peke yake, ondoa alichopanga kutumia, na mtafute daktari siku hiyo hiyo. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana laini ya bure, 1199, na Befrienders Kenya wanapatikana kwa 0722 178 177. Usiape kuficha siri ya namna hiyo. Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Usijifanye nguzo pekee. Tuligawana: dadake alishika siku za kliniki, jirani wa mlango wa pili akawa anabisha kila asubuhi akienda kazini, mimi nikabaki na wikendi. Ukichoka, sema umechoka, mwingine ashike zamu. Rafiki anayetoweka baada ya mwezi mmoja wa bidii humuumiza mgonjwa kuliko yule aliyeahidi Jumamosi tu na kuja kila Jumamosi.

Akipata nafuu, kaeni mpange mkiwa na akili tulivu. Mwombe akutajie dalili zake za mwanzo, kwa sababu sonona huweza kurudi na yeye ndiye anayezijua. Za Fundi ni kuzima simu mchana na kukosa kikao cha chama cha akiba bila sababu. Nikiona mojawapo, nina ruhusa yake ya kwenda bila kupiga hodi kwa simu kwanza, na namba ya kliniki tumeiandika kwenye simu zote mbili.