Nyumba ya mirathi Ngamiani: nani hasa anakuuzia?

SWALI: Shikamoo mzee wangu. Mimi ni muuguzi, nimepanga Mikanjuni, hapa Tanga. Nimepata nyumba Ngamiani, vyumba vinne na fremu ya duka mbele, bei milioni 55. Mwenye nyumba alifariki 2015. Anayeuza ni mtoto wake wa kwanza. Amenionyesha fomu namba 4 ya mahakama ya mwanzo, ya 2016, inayosema yeye ni msimamizi wa mirathi, na kopi ya hati yenye jina la baba yao. Watoto wako watano. Watatu wamesaini karatasi ya kukubali nyumba iuzwe, wawili wako Mombasa na anasema watasaini wakija. Anataka milioni 20 kabla ya Ijumaa, maana kuna mteja mwingine. Mwenyekiti wa mtaa yuko tayari kugonga muhuri. Nitoe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo milioni 20 usiitoe Ijumaa. Sisemi huyo kijana ni tapeli, huenda ni mkweli kabisa. Lakini kwa karatasi ulizoonyeshwa hakuna bado anayejua kama ana mamlaka ya kukuuzia, na pengine hata yeye mwenyewe hajui.

Tuanze na fomu namba 4, maana ndiyo inayowapoteza wanunuzi wengi hapa Tanga. Ni barua ya uteuzi. Inaonyesha kwamba siku fulani mahakama ilimteua mtu fulani kukusanya mali za marehemu, kulipa madeni na kugawa kinachobaki kwa warithi. Haisemi nyumba ni yake. Anapokuuzia anauza kwa niaba ya mirathi, na mkataba wenu lazima uandikwe hivyo: fulani, akiwa msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani. Ukiona mkataba umemwandika kama mwenye nyumba, urudishe uandikwe upya.

Sasa tazama tarehe yake. Ni ya 2016. Kazi ya usimamizi si ya maisha. Msimamizi hutakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali, ambayo ni fomu namba 5, kisha hesabu ya mgawanyo, fomu namba 6, na muda unaotarajiwa ni wa miezi tu. Hesabu ikishapokewa na shauri kufungwa, madaraka yake yamekwisha. Kama kwenye mgawanyo ule nyumba iliandikwa kwa watoto wote watano, basi wauzaji ni watano, na sahihi tatu hazitoshi hata kidogo. Na kama hakuwahi kupeleka orodha wala hesabu kwa miaka yote hii, mrithi yeyote anaweza kwenda mahakamani kuomba uteuzi utenguliwe, na wewe utakuwa umeshatoa hela.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, chukua namba ya shauri iliyo juu ya fomu hiyo, uende kwenye mahakama iliyoitoa na kuomba kuona jalada. Angalia mambo matatu: shauri liko wazi au limefungwa, nyumba hii imetajwa kwenye orodha ya mali, na warithi walioandikwa ni wangapi. Idadi ya warithi kwenye jalada ikitofautiana na uliyoambiwa nyumbani, simama hapo hapo.

Na kuna mtu hujamtaja kabisa. Mama. Yupo hai? Alikuwa mke mmoja au walikuwa wawili? Umenihesabia watoto watano, lakini kwenye nyumba zetu za Ngamiani aliyebaki chumba cha nyuma mara nyingi ni mjane, na ndiye asiyeulizwa. Kama marehemu alikuwa Mwislamu na mirathi inakwenda kwa sheria ya Kiislamu, mjane ana thumni yake, yaani sehemu moja ya nane, pale penye watoto. Mbali na urithi, anaweza kuwa na jasho lake mwenyewe kwenye nyumba hiyo. Nenda ukamsalimie, ukae naye, umuulize kwa upole kama anajua nyumba inauzwa na yeye atahamia wapi. Mwanangu, mimi sinunulishi mtu nyumba ambayo mama mzee hajasema neno.

Hao wawili wa Mombasa ndio wanaonikosesha raha zaidi. Familia za Tanga zimetawanyika: Mombasa, Pemba, Unguja, Muscat. Miaka ya nyuma niliwahi kusimamia mauzo ya nyumba upande wa Makorora, na msimamizi alikuwa na fomu yake safi, ndugu wanne wamesaini mbele ya wakili. Mnunuzi akahamia, akabadilisha paa, akaweka vigae. Mwaka wa pili akatokea ndugu wa mama mwingine, anaishi ng'ambo ya mpaka, ana cheti cha kuzaliwa chenye jina la marehemu. Hakuwahi kuandikwa kwenye shauri. Uteuzi ukatenguliwa, na yule mnunuzi alihangaika mahakamani miaka mitatu kwa kosa ambalo mimi dalali ningelizuia kwa kuuliza majirani wawili. Nilirudisha udalali wangu wote, lakini usingizi wake sikuweza kuurudisha. Tangu hapo siulizi tena "warithi wangapi?" Nauliza "marehemu alioa wapi na wapi?"

Ni kweli sheria inampa msimamizi mamlaka ya kuuza mali ya marehemu, na wakili anaweza kukuambia kwamba si lazima kila mrithi asaini. Mimi bado nakushauri upate sahihi zote. Madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12, na miaka 12 ni mingi sana kulala ukisubiri mtu abishe hodi. Wa Mombasa wasisaini "wakija". Wasaini hati ya ridhaa mbele ya wakili huko huko waliko, iletwe ya asili, na uongee nao kwa simu ya video ukiwa na wakili wako.

Upande wa hati, kopi usiipe uzito wowote. Omba kuona ya asili, kisha ukafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, ofisi ya ardhi ya mkoa hapa hapa Tanga. Upekuzi utakuonyesha jina lililosajiliwa, kama nyumba imewekwa rehani benki, kama kuna zuio, na miaka iliyobaki. Hati za miliki hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Ukikuta ya miaka 33 iliyoandikwa zamani, huenda muda wake umebaki kidogo au umekwisha, na hilo linashusha bei. Muulize pia risiti za kodi ya pango la ardhi. Marehemu amelala tangu 2015, na wenye nyumba wengi husahau kodi hiyo kwa kudhani ile ya majengo inayokatwa kwenye luku ndiyo hiyo hiyo. Ni mbili tofauti, na deni la pango linafuata kiwanja.

Jina la baba haliwezi kuruka moja kwa moja kuja kwako. Kwanza msimamizi asajiliwe kwenye daftari la msajili kwa nafasi yake hiyo, ndipo ahamishe kwako. Uhamisho unahitaji ripoti ya mthamini na kibali cha TRA. Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, ni ya muuzaji. Ushuru wa stempu, karibu asilimia 1, kwa kawaida hulipa mnunuzi. Yaandikwe kwenye mkataba, maana hapo ndipo watu hugeukana.

Muhuri wa mwenyekiti? Mwenyekiti ni shahidi mzuri wa kwamba watu hawa anawajua na nyumba ni yao. Mheshimu, muulize habari za familia. Muhuri wake hauhamishi miliki, na usikubali kutozwa asilimia ya bei kwa ajili yake.

Nyumba yenyewe sitaisema sana kwa kuwa sijaiona. Nenda mvua ikinyesha, ukaangalie dari. Gonga plasta za chini. Ikimomonyoka kama unga mweupe, ni chumvi, na kama waliwahi kutumia mchanga wa pwani, nondo za linta zitakuwa zinaliwa na kutu. Uliza wapangaji wa fremu wamelipa kodi hadi lini na kwa nani, na bili ya maji ya Tanga UWASA iko kwa jina gani.

Kuhusu Ijumaa na mteja mwingine: mwambie una nia na hela ipo, utaweka kwenye akaunti ya mirathi, kwa awamu, kiasi kidogo siku ya kusaini mkataba mbele ya wakili wako wewe, si wake, na kilichobaki uhamisho ukikamilika. Kama huyo mteja mwingine yupo na anatoa milioni 20 bila kuuliza haya, mwache achukue. Nyumba Ngamiani zinauzwa kila mwezi.

Jumatatu asubuhi nenda mahakamani na hiyo namba ya shauri. Ukishaona jalada, niandikie umekuta majina mangapi.