Nimefuta picha moja, namba zote zimevurugika

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni fundi wa pampu za sola, bosi kanipa kazi ya kuandika mwongozo wa matengenezo kwa mafundi wa vijijini, umeshafika kurasa 94 kwenye Word. Juzi nimefuta picha moja ya sura ya 2, nikapanga upya namba chini ya picha zote, ila huko ndani ya maelezo bado imeandikwa "angalia Picha 12" wakati 12 ya sasa hivi ni mota, siyo kontrola! Yaliyomo nayo nimechapa kwa mkono pamoja na vile vidoti, nikigusa kitu kidogo tu kurasa zinahama. Nianze upya au?
Fundi Pampu, Singida

JIBU: Usianze upya kaka, na pole kwa vidoti, wengi tumepitia huko. Shida ni kwamba namba umezichapa wewe mwenyewe, kwa hiyo kwa Word "Picha 12" ni herufi tu kama jina la shangazi yako, haijui kama inahusiana na picha yoyote.

Kwanza sevu kopi, ndo ushike hii original. Futa maneno uliyoandika chini ya picha, raiti kliki kwenye picha, chagua Insert Caption, halafu New Label na uandike Picha, namba inajiweka yenyewe. Ukimaliza zote rudi kwenye maelezo, pale palipoandikwa "Picha 12" futa, nenda References kisha Cross-reference, chagua ile kontrola kwenye orodha, na juu ya orodha hiyo, kwenye Insert reference to, weka Only label and number usije ukamwagiwa maelezo yote ya picha katikati ya sentensi. Ni kazi ya jioni mbili tatu hivi, sikudanganyi.

Baada ya hapo ukifuta au kuongeza picha unabonyeza Ctrl+A halafu F9, namba zinajipanga. Usipobonyeza utaona za zamani ukadhani imegoma. Na ukifuta picha pamoja na kepsheni yake wakati kuna sehemu bado inaitaja, patatokea "Error! Reference source not found" kwa herufi nzito, watu wanaichukia hiyo ila mi naipenda, inakuonyesha sentensi iliyobaki yatima. Kabla ya kuprinti tafuta neno Error! kwa Ctrl+F.

Yaliyomo ni rahisi zaidi. Kichwa cha sura usikikoleze kwa mkono, weka kasa (kile kimstari kinachopepesa) pale bonyeza Ctrl+Alt+1, vichwa vidogo Ctrl+Alt+2, halafu References, Table of Contents, vidoti vinakuja vyenyewe. Ile F9 ikikuuliza, chagua Update entire table. Na kama unapiga enta kumi na tano ili sura ianze ukurasa mpya (najua unapiga), acha, ni Ctrl+Enter mara moja.

Kuna watakaokwambia uhamie LaTeX, programu nyingine ya kuandalia maandishi kwa amri za kuchapa, unaandika \label kwenye picha na \ref unapoitaja basi. Wana hoja, ila kama bosi wako anasahihisha humo humo kwenye Word, baki hapo hapo.

Anza na ile sentensi ya kontrola leo leo, kabla fundi hajafungua mota nzima kwa sababu ya namba yako.