Kabla ya shali, fuma kipande cha majaribio

Mwanagenzi wa kitanda cha mfumi hukimbilia rangi. Rangi zitangoja. Kinachoharibu kitambaa cha kwanza mara nyingi ni msongamano wa nyuzi za mtande, zile za urefu zinazotandazwa kitandani, na kosa hilo hujificha mpaka kitambaa kioshwe.

Chagua kwanza uzi wa mtande. Vuta kipande chake kwa mikono miwili. Ukikatika ghafla kwa nguvu, unafaa. Ukiachana taratibu kama pamba mbichi, huo ni wa mshindio tu, yaani uzi unaokatiza mtande kwa upana. Kisha usugue kwa ukucha mara kadhaa, maana kitana, lile chanuo la kusukumia mshindio mahali pake, kitausugua kila unapopiga mshindio. Pamba iliyosokotwa nyuzi mbili au tatu pamoja ndiyo ya kuanzia. Sufu ya manyoya marefu iache kwanza: nyuzi zake hushikana, na njia ya kupitishia mshindio haifunguki.

Sasa msongamano. Zungusha uzi kwenye rula, mizunguko iguse bila kubanana, uhesabu. Tuseme umepata 10 kwa sentimita. Kwa ufumaji sahili, juu moja chini moja, weka nyuzi 5 kwa sentimita. Nafasi iliyobaki ni ya mshindio. Kwa mshazari, mshindio unaporuka nyuzi mbilimbili, weka theluthi mbili, yaani 6 au 7, la sivyo kitambaa kitalegea.

Kwa shali ya sentimita 180, ongeza asilimia 20 ya kujikunja na kurudi kwa uzi: 216. Ongeza 60 zinazobaki kitandani bila kufumika, na upate kama mita 2.8. Upana wa sentimita 30 kwa nyuzi 5 ni nyuzi 150, hivyo mtande peke yake unakula mita 420. Mshindio hukaribia kiasi hicho, basi usinunue kibonge kimoja ukajipa moyo.

Unapoviringisha mtande kwenye mti wa nyuma, tandika karatasi ngumu kati ya tabaka. Bila karatasi, nyuzi za juu huzama kati ya za chini, na baadaye utaona nyingine zimelegea, nyingine zimekaza kama waya.

Kingo zikiingia ndani, hujavuta mtande vibaya. Umeunyima mshindio urefu. Ulaze kihanamu au kama upinde, ndipo upige kitana. Ukiupitisha umenyooka, nyuzi za pembeni zitasuguliwa mpaka zikatike.

Kuhusu ruwaza, fremu nne za kuinulia nyuzi za mtande zinatosha kwa muda mrefu. Pitisha nyuzi kwenye fremu kwa mpangilio wa 1, 2, 3, 4. Ukiinua 1 na 3, kisha 2 na 4, unapata ufumaji sahili. Ukiinua 1-2, 2-3, 3-4, 4-1, mshazari. Ukirudi nyuma katikati, mistari inageuka kuwa zigizaga. Ila mtande uliosongwa kwa mshazari hutoa ufumaji sahili mgumu kama ubao, kwa hiyo usihukumu ruwaza kwa msongamano usio wake.

Kwenye kipande cha majaribio, badilisha mshindio kila sentimita 10: pamba, kitani, sufu. Ukichanganya michirizi ya sufu na pamba, sufu itarudi zaidi majini na pamba itafanya mawimbi. Wengine huita hilo kosa. Sisi tunaliita ruwaza, mradi ulilikusudia. Kipime kipande, kikate nusu mbili, osha nusu moja, uikaushe, uipime tena, kisha ushone nusu zote mbili kwenye karatasi yenye hesabu zako.