Ule mfuko laini wa dukani ni plastiki, si kitambaa

Wengi huuliza kama ule mfuko laini wa dukani unaoza ukitupwa. Hapana, hauozi. Ule mfuko unaofanana na kitambaa, tunaopewa tangu Tanzania ipige marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, nao ni plastiki: polipropilini. Haujafumwa. Nyuzi zake zimegandishwa kwa joto, ndiyo maana ukiutazama karibu unaona vidoti vidogo vilivyobonyea, vimejipanga mistari mistari. Chomoa uzi mmoja uusogezee kiberiti (fanya nje, ule moshi si wa kuvuta). Pamba ingewaka kama karatasi na kuacha majivu. Huu unanywea, unayeyuka, unabaki kitone kigumu. Nimejaribu kwa mifuko kadhaa ya nyumbani, yote ikawa hivyo hivyo.

Maneno "rafiki wa mazingira" ubavuni peke yake hayathibitishi kitu, mtengenezaji anaweza kuyachapa mwenyewe. Na ile pembetatu ya mishale yenye namba 5 inataja aina ya plastiki tu, haimaanishi mfuko umetokana na taka zilizorejelezwa.

Ila kama ni mzito usiutupe, utumie mpaka uchakae, faida yake iko hapo. Ile myembamba mpini unakatika na viazi vya siku ya kwanza. Kenya, NEMA, mamlaka ya mazingira ya huko, ilitangaza kuipiga marufuku mifuko ya aina hii Machi 2019 kwa sababu mingi ilikuwa hafifu, ikitupwa baada ya safari moja. Ukitaka kinachooza kweli, chukua kikapu cha ukindu.