Nimeacha kufoka, mbona naambiwa sijali?

SWALI: Shikamoo Mama. Nasimamia wafanyakazi wanane. Nilikuwa mwepesi wa kufoka, basi nikaanza kusoma mafundisho ya Budha, na kila asubuhi natulia dakika 20 nikifuata pumzi. Hasira imepungua kweli. Ila mmoja wao huchelewa karibu kila siku, nami nanyamaza nikijiambia huo ndio utulivu. Juzi mwenzake kaniambia, "Bosi, siku hizi hujali." Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza, hizo dakika 20 usiziache. Aliyezoea kufoka akaacha, amefanya kazi kubwa, na nimefurahi mno kusoma hivyo.

Utulivu unaousema, kwa Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibudha, huitwa upekkha. Ni ya mwisho katika fadhila nne za moyo, nyuma ya metta, yaani kuwatakia watu mema, karuna, yaani huruma, na mudita, kufurahia heri ya mwenzio. Buddhaghosa, mwanachuoni wa karne ya 5, alieleza kwamba kila moja ina adui wa mbali na adui wa karibu. Wa mbali humtambua upesi. Wa karibu hufanana na fadhila yenyewe hadi ukamkaribisha ndani. Kwa upekkha, adui huyo ni kutojali.

Nami nilimkaribisha. Nilikuwa muuguzi kiongozi wa wodi, na mmoja wetu alikuwa hachoki kuchelewa kupokea zamu ya asubuhi. Nilinyamaza, nikajiona nina subira. Siku moja nikamkuta muuguzi wa usiku kwenye benchi la mlangoni: viatu vya kutokea ameshavaa, mkoba mapajani, na juu ya mkoba daftari la wagonjwa, kwa kuwa hana wa kumkabidhi. Alikuwa akisinzia, kidole kikiwa kwenye ukurasa asije akaupoteza. Subira yangu ilikuwa ikilipiwa na usingizi wake.

Budha hakufundisha kunyamazia kosa. Anayetaka kumwonya mwenzake aliwekewa mambo matano: aseme kwa wakati wake, aseme kweli, aseme kwa upole, aseme lenye manufaa, na aseme kwa moyo wa kumtakia mema. Hilo la wakati lina uzito kuliko tunavyodhani. Usimkabili anapoingia akihema, wala mbele ya wenzake. Na kweli maana yake ni siku na dakika ulizoziandika, si "wewe kila siku."

Ukishasema, sikiliza. Budha alipomweleza kijana Sigala wajibu wa mwajiri, alianza na kumpa mtu kazi kwa kadiri ya nguvu zake, akataja pia kumtunza akiugua. Yule wangu alikuwa akimwogesha na kumlisha mama yake mgonjwa kabla ya kutoka nyumbani. Miezi yote ile sikuwahi kumuuliza! Nilimhamishia zamu ya mchana, tukakubaliana kwamba huko hakuna kuchelewa. Angeendelea, ningemchukulia hatua, na moyo wangu usingenisuta.

Lakini kabla ya huyo mchelewaji, mfuate aliyekwambia hujali. Amekufanyia hisani. Mimi nilipomwomba radhi yule wa benchi, hakutaka maneno mengi. Aliniuliza tu, "Kwa hiyo kesho natoka saa ngapi?"

Nenda kwake ukiwa na jibu la swali hilo.