Jibu: Nyonga ya mama iliyoondolewa sokoni, lazima itolewe?

Ndugu yangu wa Ujiji, pole kwa wasiwasi. Umeuliza kama nyonga bandia aliyowekewa mama India mwaka 2009 lazima itolewe, maana umesikia aina hiyo imeondolewa sokoni. Si lazima. Wengi wanabaki nayo, ila wanafuatiliwa kwa karibu.

Kwanza mjue ni ipi hasa. Tafuteni ripoti ya upasuaji; humo hubandikwa stika zenye jina la kiungo na namba ya toleo. Kama imepotea, iandikieni hospitali iliyompasua. Nyonga bandia aina ya DePuy ASR, kwa mfano, iliondolewa Agosti 2010: chuma kilisuguana na chuma, chembe za kobalti na kromiamu zikaingia kwenye damu na kuharibu nyama za jirani. Ndiyo maana hata asiyesikia maumivu hupimwa damu. Eksirei apigwe hapo Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Kigoma, lakini bingwa wa mifupa amwone, ikibidi MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Akianza kuvimba au kuchechemea, msisubiri kabisa.

Toeni taarifa pia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Na tafadhali, akiletewa karatasi ya fidia asitie dole gumba kabla mwanasheria hajaisoma.