Kumwaga jamvi la zege juu ya bomba la maji taka

Swali: Ninaishi Magomeni, Bagamoyo. Nataka kumwaga zege nyuma ya nyumba niegeshe gari, lakini bomba la plastiki la inchi 4 litokalo chooni kwenda kwenye karo limepita hapo, futi moja tu chini ya ardhi. Je, uzito hautalivunja?

Jibu: Ndugu msomaji, jamvi lililomwagwa juu ya udongo ulioshindiliwa hutawanya uzito wa gari, hivyo bomba hupata nafuu kuliko magurudumu yanapokanyaga mchanga mtupu. Ninachokihofia zaidi ni siku litakapoziba au kuvuja, nawe huna njia ya kulifikia ila kwa nyundo.

Usichimbe ili kupata nafasi ya zege. Ukiondoa inchi 5 kwenye futi hiyo moja, zitabaki inchi 7 tu juu ya bomba, na kulishusha bomba si rahisi, kwa kuwa linahitaji mteremko wa takriban sentimita 2.5 kwa kila mita hadi kwenye karo. Ni afadhali uinue jamvi, mradi maji ya mvua yasielekee ukutani.

Kabla ya kumwaga, fukua bomba lote, kagua viungo, ziba mwisho wake, lijaze maji na uangalie kama yanapungua. Kisha lizungushie mchanga usio na mawe, inchi 4 hadi 6 kila upande, na ushindilie taratibu kwa mkono. Zege lisiligande bomba kabisa, kwa sababu jamvi likititia hata kidogo litalivuta na kufungua viungo.

Jenga chemba pande zote mbili za jamvi, mifuniko ikiwa usawa wa zege. Mimi ningeacha ukanda wa sentimita 60 juu ya bomba na kuutandika vitofali vya kupanga, ambavyo fundi huving'oa na kuvirudisha bila kuvunja kitu.

Kwa kuwa mko karibu na bahari, msitumie mchanga wa ufukweni wala maji ya chumvi, maana chumvi huozesha nondo. Wavu wa chuma ufunikwe na zege la inchi 2. Mwagilia jamvi kwa siku 7, na gari lisubiri siku 28.

Haya yote yanahusu bomba pekee. Ikiwa gurudumu litapita juu ya karo lenyewe, simamisha kazi hadi mhandisi aukague mfuniko, kwani mingi haikusukwa nondo za kubeba gari.